Daftari la Dizeli

Kurasa zake bado zinanata.
Tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wangu mimi,
Kibwana Pazi, mtunza jenereta,
kiwanda cha sabuni za mche, Vingunguti:
*Umekatika saa nane na robo. Sabuni imegandia bombani.*

Asiyejua sabuni hajui msiba huo.
Tuliikata kwa misumeno, tukaigonga kwa nyundo,
mabomba yakilia kama mbuzi wa machinjioni,
na bosi Hasnain amesimama, simu sikioni,
anamwambia mtu wa Kariakoo: kesho, kesho, inshallah.

Basi nikajifunza kukimbia.
Taa ikikonyeza tu, nishafika.
Jenereta nililijua kwa kikohozi chake;
nikiwa nimelala kwangu Kiwalani, zamu ya mwenzangu,
likibadili sauti ng'ambo ya reli, nilikaa kitandani.
Moshi wake ulihamia kwenye kola zangu.
Mwanangu alipoanza kuchora
alimchora baba, akampaka masizi.
Hakukosea.

Kisha akaja Atuganile, injinia,
akapanda paa la ghala siku tatu mfululizo
kupima vivuli.
Kupima vivuli! Tulicheka hadi chai ikatupalia.
"Ninyi mnaona jua linavyochoma," alisema,
"mimi naona linavyomwagika."

Wakapanga paneli mia sita,
zimeinama kaskazini, upande wa kibla,
safu kwa safu, kama zimerukuu.
Nyuma ya ghala, tanuri la vifuu:
mikokoteni inavileta kutoka kwa wakuna nazi wa Buguruni,
waliokuwa wakivitupa mtaroni.
Mafuta ya nazi sasa yanachemka
kwa mifupa ya nazi yenyewe.
Na betri, kontena jeupe, halikohoi, halinuki,
sijui nilizoee vipi.

Kujitegemea: neno tuliloliimba shuleni
majembe yakiwa begani.
Kumbe lilikuwa linanisubiri juu ya bati.

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, mtaa ulizimika.
Nilisikia redio ya kinyozi ikikatika katikati ya neno,
mashine ya kusaga ikishusha pumzi.
Nikakimbia. Miguu haikuuliza.
Mkono ukashika swichi: chuma baridi,
buibui amefunga uzi kati ya kitasa na ukuta.
Na nyuma yangu mkanda unatembea,
miche inapita, ya bluu, ya bluu, ya bluu,
hakuna aliyeinua kichwa.

Nilisimama pale, mtu mzima na mvi zangu,
nimewahi mahali nisipoitwa.

Sijui kama ile ilikuwa furaha.

Siku hizi naosha paneli, alfajiri, kabla hazijashika moto.
Kunguru wa mji huu hawana adabu.
Naosha kwa maji matupu na brashi laini;
sabuni Atuganile ameikataza, huacha utando.
Watu wa sabuni, tunaosha bila sabuni.
Jenereta halijauzwa. Jumapili naliwasha dakika tano
lisishike kutu; masika ina siku zake,
na mimi si mtovu wa fadhila.

Lakini jana umeme ulikatika tena,
na kinyozi akachungulia juu ya ukuta:
"Kibwana, huo wa kwenu hauwezi kuruka?"
Nikamweleza habari za vibali, mita, sheria.
Akanisikiliza mpaka mwisho,
mashine yake imekata roho mkononi,
mteja nyuma yake amenyolewa nusu ya kichwa.

Usiku nikafungua daftari.
Saa ya kuwasha: hakuna. Saa ya kuzima: hakuna.
Lita: hakuna.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi:
*Kinyozi. Waya, kama mita arobaini.
Nimuulize Atuganile.*